Lango la Mboni

Lango la mboni halikuwa na mlinzi wala kitasa. Mtu alisimama, miale miwili ya kijani ikamgusa macho yote mawili kwa mpigo, na kioo kikayeyuka kama ukungu. Kila asubuhi mamia walipita hivyo kuwaona wagonjwa wao katika Hospitali ya Mji wa Juu. Skolastika alikuwa amesimama hapo mara tisa bila kufunguliwa.

"Tazama mbele kwa macho yote mawili," lango lilisema, kwa adabu ileile.

"Ndiyo haya, baba. Sina mengine."

Jicho lake la kulia lilitazama kioo. La kushoto lilikuwa limeelekea puani tangu utotoni. Ubongo wake ulilinyamazisha zamani, asije akaona kila kitu mara mbili. Kwa jicho moja alilima, akashona, akalea. Umbali wa vitu ndio uliomsumbua, kwa hiyo chai aliimimina mdomo wa birika ukiwa umegusa kikombe. Hakumwaga tone.

Mumewe, Ditrick, Mngoni, alikuwa mtani wake wa kabila kabla ya kumwoa. "Mhehe huyu," aliwaambia wageni, "jicho moja liko kwangu, jingine linamtafuta mbwa wa jirani amle."

"Ndiyo maana hukuweza kunikimbia, Mngoni. Hukujua nakutazama saa ngapi."

Sasa Ditrick alikuwa ndani siku ya sita, mapafu yakimshinda. Muuguzi Osmunda alisogea kwenye kioo.

"Mama, hata mimi sina ufunguo. Lango lilifundishwa macho yanayotazama pamoja, basi. Nenda ghorofa ya chini kwenye kinyooshamacho. Dakika arobaini tu."

"Nitamwona leo?"

"Leo hii, mama. Ila usichelewe."

Kinyooshamacho kilishusha nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui, kikaivuta misuli ya jicho hadi likakaa sawa. Ubongo hakuna aliyeuuliza. Jicho lililonyamazishwa miaka hamsini na minane likaanza kusema, na Skolastika akaona malango mawili. Yote mawili yakafunguka.

Chumbani palikuwa na vitanda viwili, na akina Ditrick wawili.

"Nani huyu?"

"Mimi, Mngoni wangu."

Ditrick alimkazia macho. "Sauti umeiiba. Mke wangu hatazami hivyo. Niitieni Mhehe wangu."

Skolastika alidhani ni utani, akangoja acheke. Hakucheka. Ditrick aliinua mkono, akawa anapapasa kumtafuta mkewe. Skolastika aliona mikono miwili, akaukimbilia mmoja, na vidole vyake vikafumbata hewa. Alipokumbuka kulifumba jicho la kushoto na kuushika mkono wa kweli, ulikuwa umeshalegea.

Alitoka akiwa ameshika ukuta. Miale ya kijani ikamgusa.

"Kwa heri, Bi Skolastika," lango lilisema. "Nimekutambua."