Chupa ya Gin Mezani kwa Tonton

— Huu mkono ni wa nani?

Nilimsogezea Félicité simu karibu na pua. Kwenye status ya Gadiel palikuwa na picha: mwanaume ameinama, ameshika kiganja cha mwanamke, anachomoa mwiba. Kiganja kile nakijua. Nimekishika miaka mitatu.

— Ni wangu, alisema, wala hakuacha kumsuka mteja wake. — Amatungulu iko na miiba, Libère. Ulitaka mwiba uozee ndani?

— Hukuwa na mkono mwingine wa kuuchomoa?

— Huo mwingine ulikuwa umeshika ndoo.

Mteja akacheka. Mimi sikucheka.

Niwaeleze. Gadiel ni Mtanzania, mtu wa Moshi, anatengeneza gin yake mwenyewe katika gereji aliyopanga Umbilo. Huiloweka na amatungulu, yale matunda mekundu ya nyua za miiba zinazozunguka nyumba nyingi hapa Durban, na wenyewe huyaacha yaanguke tu. Kila Jumamosi asubuhi hupita geti kwa geti kuomba ruhusa ya kuchuma, na watu humfungulia upesi wakiona ameongozana na mwanamke. Mwanamke huyo alikuwa mchumba wangu. Alisema ni kazi, analipwa. Nikasema kazi gani hiyo ya kuchomoana miiba. Wivu ni kidonda, ukikishiriki utakonda, na suruali zangu zilikuwa zimeshaanza kunipwaya.

Namwita mchumba, lakini ukweli nausema. Kwetu Uvira, kabla ya kuzungumza mahari, mwanaume hupeleka chupa kwa wazee wa binti. Wakiifungua na kunywa, mlango umefunguliwa. Tonton Barthélemy, mjomba aliyemlea Félicité, alikuwa anaingoja chupa yangu. Kila mwezi nilikuwa na sababu. Nilijua Félicité haendi popote, basi haraka ya nini?

Jumapili mchana nilikuwa dukani kwangu mjini nabadilisha kioo cha simu. Ujumbe ukaingia kutoka kwa Laetitia, mdogo wake Félicité:

"Libère uko wapi? Gadiel ameleta chupa kwa Tonton. Tonton amefungua. Anakunywa."

Niliweka kioo chini. Nikampigia Félicité.

— Uko wapi?

— Kwa Tonton. Juu ya nini unapiga kelele?

— Chupa iko wapi?

— Ile gin ya Gadiel? Iko mezani.

Nikakata. Taxi ya kwenda Overport, anakokaa Tonton, ilisimama kila robot, kila taa nyekundu ya barabarani, na kila robot nilimtukana Gadiel upya, kimoyomoyo, kwa lugha zote ninazozijua.

Nilimkuta Gadiel amekaa kwenye kochi, Tonton yuko na glasi mkononi, Félicité na Laetitia wako pembeni. Sikutoa hata salamu.

— Chukua chupa yako utoke.

— Kaka, sikuelewi, Gadiel alisema. — Nimemletea mzee aonje. Ndiyo ya kwanza kukamilika.

— Usijifanye mjinga. Kwetu mwanaume akileta chupa kwa mzee wa binti, anamuomba binti. Mzee akikunywa, amekubali.

Gadiel aliitazama chupa, akamtazama Tonton, kisha akamtazama Félicité. Uso wake ulibadilika palepale, nami nikajua kuwa alikuwa hajui.

Tonton akaweka glasi chini.

— Bon. Nilimuuliza kama hii chupa iko na neno. Akasema ni ya kuonja tu, njo maana nilikunywa. Chupa bila neno ni pombe. Weye njo umeipatia neno, Libère.

— Basi aibebe aende nayo.

— Ni sawa. Gadiel, mwanangu, ukibeba chupa yako, maneno yameisha. Hakuna mtu atakuuliza kitu.

Gadiel akasimama, akaikamata chupa shingoni. Nilijiona nimeshinda.

— Félicité, alisema taratibu, — nikiiacha hapa, utakasirika?

— Usimjibu, nikasema.

Félicité akanigeukia. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

— Libère, hakukuwa kitu kati yangu na Gadiel. Nilikuambia, ukakataa. Miaka mitatu Tonton ananiuliza chupa yako, na miaka mitatu ninakutetea. Leo ungefika na chupa, hata ya bei ya chini, ningesimama upande wako. Umefika na makelele.

— Nitaileta kesho.

— Huyu amejua desturi yetu dakika tano tu. Na mtu wa kwanza aliyemuuliza ni miye.

Akamwangalia Gadiel.

— Iache.

Gadiel aliirudisha mezani. Tonton akajimiminia tena, na safari hii alisimama kwanza, kama wazee wetu wanavyopokea neno la posa, ndipo akanywa. Laetitia akaziba mdomo kwa kiganja.

— Libère, mzee aliniambia kwa upole, — kaa, uonje nawe. Uko mtoto wa hii nyumba.

Niliumia kuliko kama angenifukuza. Sikukaa. Nilishuka ghorofa nne kwa ngazi, polepole, ili anayetaka kunifuata anikute njiani. Nilifika barabarani peke yangu.