Ufunguo wa Safu ya Tatu

Sikuzani ndiye aliyeona kwanza, asubuhi moja ya mwaka 1974, katika kijiji cha ujamaa karibu na Kwihara. Alipiga yowe kuku wakatawanyika. Kwenye ubao wa ghala, mgao wake wa mahindi ulikuwa umefutwa. Badala ya magunia matatu pameandikwa moja. Lo! Mjane mwenye watoto watano, na mwaka wenyewe wa ukame!

Ubao ule ulikuwa na safu tatu. Majina yalipakwa rangi ya mafuta, hayagusiki. Siku za kazi aliziandika Mabruki, kiongozi wa shamba, kwa chaki. Safu ya mgao ilifunikwa kwa wavu wenye kufuli, na mwenye ruhusa ya kuiandika ni katibu peke yake, Josepha. Wavu huo aliutengeneza Ambrosi, mgambo wa kijiji, akajisifu nao kweli kweli.

Basi Ambrosi hakungoja. Alimkwida Mabruki mpaka vishikizo vya shati vikaruka.

"Mwizi mkubwa we! Chaki hiyo vidoleni ya nini?"

"Naandika safu yangu! Kufuli limevunjwa? Litazame kwanza ndipo unikabe!"

Akalitazama. Zima, hata mkwaruzo halina.

"Dada Josepha, ufunguo uko wapi?"

Josepha, bado ana kitambaa cheusi cha msiba, alishangaa. "Unaniuliza mimi? Juzi kwenye matanga ya baba, nani alininyang'anya akasema niukomboe kwa jogoo? Si wewe, mtani wangu?"

Watu wakacheka. Mtani msibani hakatazwi kitu. Ambrosi alikuwa ameutundika msumarini nyumbani kwake, akausahau. Sasa ndipo alipoukumbuka.

"Magunia ya Sikuzani yameongezwa kwa nani?" aliuliza, akiomba moyoni asijibiwe.

Mabruki akausoma ubao. "Kwako. Yalikuwa mawili, leo manne."

Kicheko kikakatika. Imakulata, mkewe Ambrosi, akajitokeza.

"Ni mimi. Mama yako kule Puge anachimba mizizi ale. Nimekusihi uombe kwenye kamati, unasema mgambo haombi."

"Ndiyo umwibie mjane?"

Imakulata akainamisha kichwa, akalia.

Ambrosi alitamani ardhi impasukie. Alikwenda kuleta ufunguo, akamkabidhi Josepha bila jogoo. Josepha akarekebisha safu yake. Ambrosi akavua shati lake la mgambo, akampa Mabruki. Mabruki hakulipokea, aliinama kuokota vishikizo vyake mchangani.

"Naomba," Ambrosi alisema, kifua wazi mbele ya kijiji kizima. "Mama yangu ana njaa."

Sikuzani ndiye aliyejibu. "Ungesema tangu jana, baba. Nani angekunyima?"