Alama Nyekundu za Itabwa

Mwili ulikuwa umelala kifudifudi ndani ya korongo, mguu mmoja umenasa kwenye mizizi ya mkaratusi, maji ya mvua yakikata njia pembeni yake.

Inspekta Ruwaida alishuka akijishikiza kwenye majani. Viatu viliteleza kwenye tope. Ukungu ulikuwa umeifunika Mbeya tangu alfajiri, na juu ya korongo watu wa mtaa wa Itabwa walisimama wamejitanda mablanketi na vitenge. Ruwaida alizoea makundi ya namna hiyo: wapo wanaolia, wapo wanaosukumana wapate kuona. Hawa walikuwa kimya. Waliwatazama polisi kama kuku wanavyomtazama mwewe.

"Afande," mwanamke mmoja aliita. "Mmekuja kuvunja leo?"

"Kuvunja nini, mama?"

Mwanamke alinyoosha kidole nyuma yake.

Ruwaida alipanda tena, na ndipo alipoziona. Nyumba baada ya nyumba, ukutani, pembeni mwa mlango, palikuwa na X kubwa ya rangi nyekundu. Hakuna asiyejua maana ya alama ile. Nyumba yenye X inasubiri tingatinga.

"Nani amechora?"

"Hatukuwaona. Jana tulikuwa kanisani, mtaa mzima. Tumerudi, tumekuta."

"Na marehemu mnamfahamu?"

Watu walitazamana. Mzee mmoja akajibu kwa sauti ya chini. "Ni yule kijana wa utafiti. Lugano. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba anauliza mvua ikinyesha maji yanapita wapi, nyufa zimeanza lini. Sisi tukajua tu, mwisho wa maswali ni X."

Daktari wa polisi alimwita Ruwaida kando. "Pigo moja la kisogoni. Kitu butu, kizito. Ameuawa jana mchana, siyo leo. Kisha akaburutwa mpaka hapa."

Koplo Sosthenes, msaidizi wake, alichuchumaa akaufunua mkono wa kulia wa marehemu. Vidole vilikuwa na rangi nyekundu.

"Amemfumania mchoraji, wakakamatana, akauawa," alisema Sosthenes.

Ruwaida alikuwa anatazama viatu vya marehemu. Juu yavyo, palipobanduka tope, palikuwa na matone madogo ya mviringo, mekundu, yaliyokwisha kukauka.

"Mtu akikamatana na mchoraji, anatoka na michirizi, Sosthenes. Haya yamedondoka kutoka juu, taratibu. Yametoka kwenye brashi yake mwenyewe."

Koplo alimkodolea macho. "Kwamba marehemu ndiye aliyechora?"

"Sema polepole," alisema Ruwaida. Watu wale wangelisikia hilo, hakujua wangefanya nini. Walikuwa wengi, na polisi walikuwa wanne.

*

Ofisi za jiji zilikana. Hakuna aliyetumwa Itabwa, hakuna nyumba hata moja iliyoamriwa kuvunjwa. Lakini hofu haisubiri barua ya ofisi. Kufikia mchana habari zilikuwa zimeteremka mpaka mitaa ya chini, na kila mwenye nyumba alikuwa anatoka nje kuukagua ukuta wake.

Lugano alifanya kazi katika Taasisi ya Miji ya Nyanda, shirika dogo lisilo la kiserikali lenye vyumba vitatu huko Ilomba. Kazi ya taasisi hiyo ilikuwa kuchunguza namna jiji la Mbeya na miji inayolizunguka inavyokua, kisha kuzishauri mamlaka: barabara ipite wapi, taka zimwagwe wapi, watu wajenge wapi na wasijenge wapi. Ruwaida alikuta mlango umefungwa kwa kufuli.

"Mkurugenzi ameondoka jana jioni," alisema mlinzi. "Ameenda kwao Iringa. Ameondoka mbiombio, hata taa hakuzima."

"Jina lake?"

"Bwana Shamsudin."

Siku iliyofuata Ruwaida na Sosthenes walishika njia ya Iringa. Mvua iliwasindikiza mpaka Makambako, ikawaacha, ikawapokea tena Mafinga. Ruwaida mwenyewe alikulia Iringa, na kwa kawaida safari ile ilimtuliza. Safari hii haikumtuliza. Kulikuwa na jambo katika maneno ya yule mzee lililokuwa linamrudia, nalo halikuwa X. Zilikuwa nyufa.

Walimkuta Shamsudin Kihesa nyumbani kwa dada yake, Bi Hanifa, amejifungia chumba cha uani. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye ndevu zilizokatwa vizuri.

"Afande, mdogo wangu hajaua mtu," alisema Bi Hanifa mlangoni.

"Sijasema ameua, dada. Nataka aniambie anakimbia nini."

Waliachwa peke yao.

"Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

"Ofisini."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Nani alichora zile alama?"

Shamsudin aliinuka akarudishia mlango.

"Lugano," alisema Ruwaida. "Hilo ninalijua. Nataka kujua kwa nini."

Mkurugenzi alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Ule mlima umelowa, afande. Udongo wa juu umeachana na mwamba. Lugano alipima nyufa miezi mingi. Mwanzoni anaingiza ukucha, mwishoni anaingiza ngumi. Aliandika mapendekezo: watu wahamishwe kabla ya masika kukolea, wapewe viwanja, wapewe na muda. Akaniletea."

"Wewe ukafanya nini?"

"Nikamwambia tusubiri."

"Kusubiri nini?"

"Niliogopa!" Sauti ilimpanda. "Shirika kama letu linaishi kwa kukubalika. Ukitangaza mlima utaanguka na usianguke, umezusha taharuki, wanakufungia. Nikasema tupime tena. Kila wiki nikasema tupime tena. Jumamosi Lugano akasimama mbele ya meza yangu, akaniambia, 'Mkurugenzi, kama sera haitawaondoa watu pale, hofu itawaondoa.' Sikumwelewa. Jumapili akanipigia simu akiwa Itabwa. Anasema ameanza na nyumba za juu. Nikamwambia acha, watakuua. Akacheka. Baadaye nikapiga tena, ikaita tu."

"Ukakimbia."

"Nikakimbia."

"Bwana Shamsudin, mlima ukishuka unaishia wapi?"

"Itabwa ya juu yote inakwenda. Kisha unafuata korongo mpaka chini, kwenye zile nyumba za bondeni, upande wa kisima."

Ruwaida alisimama ghafla hata kiti kikaanguka. Yeye na mama yake walikuwa wamepanga bondeni, upande wa kisima.

Alipiga simu akiwa uani kwa Bi Hanifa, kidole kikikosea namba.

"Mama, toka humo ndani."

"Nitoke niende wapi na mvua hii?" alisema Bi Mwanahawa. "Nina maandazi kwenye mafuta."

"Zima jiko. Nenda Ilomba kwa mama Anwari. Sasa hivi."

"Ruwaida, unanitisha."

"Ndiyo, mama. Nakutisha. Nenda."

Wakati anarudi chumbani, Shamsudin alikuwa amekwisha kuvaa koti. "Nitarudi na nyinyi," alisema. "Vifaa vya kupimia ninavijua mimi tu sasa."

*

Walifika Itabwa kesho yake asubuhi. Mvua ilikuwa nyembamba, ya mfululizo, ile isiyo na kelele ambayo wakulima wa milimani huiogopa kuliko ya radi. Shamsudin alipanda mlimani na askari mmoja kupima nyufa. Ruwaida alianza nyumba ya juu kabisa, akateremka polepole akitazama kuta, kwa kuwa Lugano alikuwa ameanza juu na pahali fulani alikuwa amekatizwa.

X. X. X. Nyumba ya saba, X. Nyumba ya nane haikuwa na kitu. Kutoka hapo kwenda chini hapakuwa na alama nyingine.

Alisimama mbele ya ile ya nane. Ukuta wa mbele ulikuwa umekandikwa udongo mpya, na udongo ulikuwa unatiririka kwa mvua kabla haujashika.

Mwanamke alitoka akijifuta mikono kwa kitenge. Ni yule aliyemuuliza habari za kuvunja. Jina lake Esnath.

"Nani amekandika hapa, mama?"

"Mume wangu."

"Lini?"

"Jumapili, tuliporudi kanisani."

"Nani anakandika ukuta masika?"

Ruwaida alichukua ufunguo wa gari, akakwangua. Udongo ulidondoka kwa mabonge. Chini yake palitokea mstari mmoja mwekundu, mnene, ulioshuka kwa mshazari kutoka kulia kwenda kushoto. Mmoja tu. Wa pili haukuwahi kuchorwa.

"Acha, afande. Yeye hajui kitu."

Sauti ilitoka nyuma. Mwanamume mrefu, mabega mapana, alikuwa amesimama na jembe begani. Sosthenes alipeleka mkono kiunoni. Ruwaida alimsogelea yule mwanamume.

"Weka jembe chini, kaka. Jina lako?"

"Ambokile." Aliliweka taratibu.

"Jumapili hukukaa kanisani mpaka mwisho."

"Nilirudi kuchukua mwavuli wa mke wangu. Mawingu yalikuwa yameshuka."

"Ukamkuta Lugano."

"Sikujua ni Lugano. Ukungu ulikuwa mzito. Nimemwona mtu na brashi, amenipa mgongo, anapaka ukuta wangu." Aliutazama ule mstari. "Afande, mimi hii si X yangu ya kwanza. Zamani tulikuwa tunakaa kandokando ya barabara kuu. Wakaja wakapaka, wakaja wakavunja, mwezi wa sita. Wewe unaijua baridi ya Mbeya mwezi wa sita. Tumelala nje chini ya turubai, mimi, huyu na mtoto wetu, Tusekile. Mtoto akashikwa na nimonia. Tulimzika kabla hatujapata pa kuezeka."

Esnath alikuwa amekaa chini matopeni, kitenge kimemziba uso.

"Kwa hiyo ulipoona ile rangi..."

"Nilimwona Tusekile. Sikuona kingine. Mpini wa jembe ulikuwa umeegemezwa mlangoni. Nimempiga mara moja. Nilipomgeuza ndipo nikamjua. Kijana wa watu, aliwahi kunywa togwa hapahapa. Nikaogopa. Nikamburuta korongoni, kopo la rangi nikalifukia, nikarudi kanisani na mwavuli. Nikaimba."

"Hakukusemesha?"

Ambokile alimeza mate. "Alisikia nyayo zangu. Bila kugeuka akasema, 'Kaka, hameni.' Sikumwachia amalize."

Ruwaida alimweleza kilichokuwa kimebaki katika sentensi ile. Alimweleza habari za nyufa na mwamba, na mkurugenzi aliyekalia ushauri mpaka kijana akanunua rangi kwa mshahara wake. Ambokile alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Mnanidanganya. Mnataka tutoke ili mvunje."

Wakati huohuo Shamsudin alikuja akiteremka mbio, matope mpaka magotini. "Ufa wa juu umefunguka," alisema akihema. "Nimeingiza mkono wote mpaka begani. Watoke. Watoke wote leo hii."

*

Polisi walipita wakigonga milango, na milango ikafungwa. Mwenyekiti wa mtaa alipita, akatukanwa. Bibi mmoja alikaa kizingitini akasema watamvunjia nyumba akiwa ndani. Kwao, afande anayesema hameni na rangi nyekundu vilikuwa kitu kimoja.

Ruwaida aliutazama mlima. Maji yaliyokuwa yanatoka kwenye chemchemi ya juu yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Miguu ilimwambia ondoka. Alirudi kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma alipokuwa amekaa Ambokile, mikono imefungwa pingu.

"Watu hawa wanakusikiliza wewe?"

"Nimeishi nao miaka mingi."

"Sikuahidi kitu. Kesi ni ya mauaji, na itabaki ya mauaji. Lakini mkeo yuko ndani ya ile nyumba na amekataa kutoka."

Ambokile aliitazama nyumba yake. Kisha akashuka. Alisimama katikati ya njia, mvua ikimpiga, akainua mikono yake iliyofungwa ili kila mtu aione, akaita kwa Kinyakyusa, kisha kwa Kiswahili ili na majirani zake Wasafwa wasikie vizuri.

"Ni mimi niliyemuua kijana! Mimi, Ambokile! Hakuwa anatuvunjia, alikuwa anatuokoa! Hameni! Jamani, hameni!"

Mlango wa nyumba ya nane ukafunguka, Esnath akatoka na godoro kichwani. Akapita mbele ya mumewe bila kumtazama, akateremka. Baada yake ilitoka familia nyingine, na nyingine, mbuzi wakivutwa kwa kamba, yule bibi akibebwa mgongoni na Koplo Sosthenes huku akimpiga makofi ya bega.

Mlima ulishuka kesho yake alasiri. Walioamua kusimulia walisema ulinguruma kama lori linalomwaga kokoto, lakini kwa muda mrefu, bila kuisha. Itabwa ya juu ilikwenda yote, na bondeni tope lilifika madirishani. Huko nako walikuwa wamekwisha kuhama; hakupatikana mtu ndani.

Ruwaida aliwakuta wenyeji wa mtaa ule katika madarasa ya shule waliyohifadhiwa. Shamsudin alikuwa anagawa mablanketi, na watu walikuwa wanayapokea kwake pasipo kumwambia kitu. Siku ile alikuwa amekwisha kuandika maelezo yake yote polisi, hata yale yaliyomtia aibu.

Esnath alikuwa dirishani, anatazama kovu jekundu ubavuni mwa mlima.

"Afande," alisema, "yule kijana ana mama?"

"Anaye. Yuko Tukuyu. Mazishi ni Jumamosi."

"Nataka kwenda."

Ruwaida alikaa kwenye dawati karibu naye.

"Naogopa mno," alisema Esnath. "Nikifika getini nitasema mimi ni nani?"

"Hata mimi ningeogopa, dada."

Esnath alikunja kitenge chake kikavu cha pekee, akakiweka ndani ya mfuko wa plastiki.

"Utanisindikiza?"

"Nitakusindikiza," alisema Ruwaida.