Mkono wa Bamurange

Jumamosi saa sita mchana lile duka kubwa la South End, pale Louisville, halina pa kupitisha toroli. Nabintu aliingia humo akitoka kazini ghalani moja kwa moja, zamu ya usiku imevutwa hadi mchana, sketi ya kitenge chini, sweta ya kazi juu, viatu vizito mguuni, na simu ameibana kati ya sikio na bega. Alifuata sabuni na mafuta ya kupikia. Lakini kichwa kilikuwa kinamgonga tangu alfajiri, kwa hiyo alipoona kile kiti chenye mashine ya kupimia presha kiko wazi, akaketi, akaingiza mkono, akabonyeza, huku anaendelea kuongea na mama yake aliyeko Bukavu.

"Dada," sauti ya kiume ikasema nyuma yake, "mashine hiyo haipendi simu."

Akageuka. Alikuwa mtu wa makamo, suti ya kijivu imenyooshwa pasi, tai ya zambarau, na ua la harusi kifuani.

"Wewe uko daktari?"

"Mimi fundi. Natengeneza mabomba na vitasa kwenye nyumba za wanafunzi huko Columbus. Hapa nimekuja harusi ya watu. Ila na mimi nangoja kiti hicho. Shusha mguu, usiupandishe juu ya mwenzake. Egemea. Nyamaza dakika tano, halafu upime upya."

"Dakika tano nisiongee? Mimi mwanamke wa Bukavu?"

"Jaribu. Lete simu nikushikie."

Akampa, hata hakujua kwa nini, na mama yake bado yumo ndani anaongea. Yule mtu akaiweka sikioni bila haya. "Shikamoo mama. Binti yako anapimwa kidogo, atakupigia." Mama akauliza kitu huko. "Mimi? Naitwa Reginaldi, mama. Hapana, sina mke. Alifariki, huu mwaka wa sita."

Nabintu akajifinya asicheke. Mara ya kwanza mashine ilikuwa imesema 171 kwa 104. Sasa ikasema 162 kwa 98.

"Imeshuka, lakini bado iko juu," Reginaldi akasema. "Vidonge unameza?"

"Nameza. Ni usingizi ndio sina. Kazi yangu ni ya usiku, nalala mchana. Na mchana ya hapa ni jioni ya Bukavu, saa ile mama anapiga. Tangu vita viingie mjini, siwezi kuzima simu. Ikilia, roho inaruka. Isipolia, inaruka zaidi."

Reginaldi naye akaketi, akanyamaza dakika zake tano kama mtoto wa komunyo. 151 kwa 92.

"Donc wote wawili tuko wagonjwa," Nabintu akasema.

"Wawili ni afadhali kuliko mmoja. Nipe namba yako."

"Ya tansio ama ya simu?"

"Zote."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila siku saa kumi, Nabintu akishaamka, simu ya Columbus ililia, na sharti lao lilikuwa moja: namba kwanza, mapenzi baadaye. Alijinunulia kipimo kidogo cha nyumbani, akawa anapiga picha ya mkono wake na namba zake, anatuma.

"155 kwa 94, sheri wangu. Umefurahi?"

"Nusu. Umelala jumla ya saa ngapi?"

"Ine."

"Sema nne, nikusikie vizuri."

"Ine! Kama haunisikii, tafuta Mtanzania mwenzako."

"Nimewatafuta, Nabi. Wote wanalala vizuri, hawana habari na mimi."

Mwezi wa tano Reginaldi aliendesha gari kutoka Columbus na sanduku la vifaa. Nabintu alidhani amekuja kutembea. Kumbe alikuja kutundika mapazia mazito meusi kwenye chumba cha kulala, akaziba hata mstari wa mwanga chini ya mlango. Alipomaliza, shati limelowa mgongoni, akasema kama mtu anayesoma saa, "Nataka kwenda Buffalo kwa kaka yako. Nikamwombe."

Nabintu alilia kidogo, akampikia bugali na sombe, kisamvu cha kwao, isiyo na chumvi nyingi.

Kaka yake mkubwa, Yaya Mugisho, anafanya kazi kiwandani Buffalo, na tangu baba yao afe yeye ndiye anayesemea ukoo. Aliposikia habari alifurahi, halafu akashusha sauti.

"Bon. Ile tansio yako, huyo bwana anajua?"

"Anajua, Yaya. Tulijuana kwenye mashine."

"Basi mwambie imepona. Nani atakuja kutoa ng'ombe juu ya mwanamke ambaye kesho ataanguka? Wazee wa kwao watauliza. Mpaka mahari ipite, wewe uko muzima. Umesikia?"

Maneno hayo yalimkaa. Na wiki hiyohiyo mtaa wa mama yake ulipigwa risasi siku tatu. Nabintu akawa analala saa mbili au tatu tu kwa siku, simu chini ya mto, mapazia meusi yakitazamana naye bure. Kipimo kikasema 174 kwa 105. Akakitazama, akaenda kugonga mlango wa jirani yake Bamurange, wanayefanya naye kazi ghalani, mwembamba, mwenye kulala hata akisimama.

"Nipe mkono wako."

"Wa nini?"

"Nikupime, nipige picha."

Bamurange akaelewa kabla haijavutwa pumzi ya pili. "Nabintu! Yaani mkono wangu ndio utaolewa Columbus?"

"Mpaka mahari ipite tu."

"Na siku ya harusi nitauvalisha pete?" Lakini akaunyoosha. 118 kwa 74.

Picha zikaenda hivyo wiki sita. Kule Columbus Reginaldi alifurahi, halafu akaanza kushangaa, kwa maana zake yeye zilikuwa palepale.

"Nabi, umenishinda. Unafanya nini?"

Alikuwa jikoni, akisikia mishipa ya shingo ikimpiga. Akasema lililokuja mdomoni. "Kitunguu saumu na limau asubuhi. Vidonge hata sivikumbuki."

"Kweli?"

"Kweli, sheri."

Uongo ule ulitoka mwepesi, akausahau. Siku kumi baadaye simu haikulia saa kumi. Ililia saa mbili usiku, Nabintu anavaa viatu vya kazi.

"Usiogope," Reginaldi akasema, sauti nzito. "Niko hospitali. Nilikuwa juu ya ngazi, dunia ikazunguka. Wamenipima 204 kwa 119. Daktari kanigombeza, anasema vidonge haviachwi kwa akili yako mwenyewe, wala haviachwi ghafla. Nikamwambia mchumba wangu ameacha na yuko 118."

Nabintu akakaa chini, kiatu kimoja mguuni.

"Baba, nisamehe. Sijaacha vidonge. Niko 174. Ule mkono si wangu."

"Ni wa nani?"

"Wa Bamurange."

"Wiki sita nimekuwa nikimshukuru Mungu kwa mkono wa Bamurange?"

"Niliogopa utaniacha. Yaya alisema..."

"Kama ungesema 174, ningekuja na gari siku hiyohiyo. Sasa nimelala hapa na waya kifuani, nimefuata limau." Alipumua. "Siwezi kuongea zaidi. Wamesema nitulie."

Simu ikakatika, na haikulia tena saa kumi. Hakulala siku mbili, kisha akatuma ujumbe mmoja tu: ametoka hospitali? Jibu likaja: *Nimetoka.* Basi.

Nabintu hakuomba mtu amsemee. Alikwenda kwa daktari wake, akasema ukweli wote wa usingizi. Akabadilishiwa dawa, akaambiwa aombe zamu ya mchana. Msimamizi akamwandika kwenye orodha ya kusubiri. Na kila siku saa kumi alijipima, akapiga picha, safari hii uso wake ukiwa karibu na namba, kilemba kimepinda, macho mekundu, ili mwenye kutazama ajue ni nani. 169. 172. 166. Akatuma. Hakuna neno lililorudi.

Siku ya posa kule Buffalo ilikuwa imepangwa zamani, mwezi wa tisa. Alikwenda, kwa sababu aliona ni haki wazee wasikie kutoka kwake kwamba hakuna mgeni atakayekuja kuposa. Aliingia sebuleni kwa Mugisho na gauni la kitenge cha kijani, akakuta wazee wa ukoo wamekaa kando ya ukuta, na upande wa pili, suti ya kijivu, amekonda kidogo, Reginaldi amekaa na mzee Karoli aliyekuja kumsemea.

Mugisho alikuwa ameshaanza. "Dada yetu ni mchapakazi, ni mcha Mungu, na ni muzima kabisa, hana..."

"Yaya, niko na tansio," Nabintu akasema akiwa bado mlangoni. "Asubuhi hii, 166 kwa 99. Nameza dawa, silali. Nilimdanganya huyu bwana, akaanguka kwa ajili yangu. Nimekuja kusema hilo mbele yenu."

Mzee mmoja akakohoa. Mugisho akafunika uso kwa mkono.

Reginaldi akasimama. "Zile picha zote nimezipata. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilinipandisha, ikabidi niiache kama nilivyoacha chumvi." Watu wakacheka. "Shemeji Mugisho, mzee Karoli atasema ya ng'ombe. Mimi nina ombi kwa upande wenu. Kiwandani kwako simu inaruhusiwa, na saa nane mchana umeshatoka. Mama apige kwako, saa zote ambazo huyu amelala. Kukiwa na jambo la kumwamsha, umwamshe wewe. La sivyo, aachwe."

Tangu vita vianze, Mugisho hakuwahi kuombwa abebe upande huo wa mzigo, na hakuwahi kujitolea.

"Mama atapiga kwangu," akasema. "Dada, lete hiyo simu yako. Nenda chumba cha watoto ulale. Haya mengine ni maneno ya wanaume na ng'ombe."

Nabintu alijilaza kwa adabu tu. Akasikia mzee Karoli akibishana juu ya mbuzi, akasikia watu wakicheka, halafu hakusikia kitu.

Alipoamka jua lilikuwa limepungua dirishani na nyumba inanuka samaki. Wazee wote walikuwa bado wamekaa palepale, sahani zimefunikwa, hakuna aliyekula.

"Umelala saa tano kamili," Reginaldi akasema.

"Mama?"

"Amepiga mara mbili," Mugisho akajibu. "Yuko salama. Alikuwa anaulizia bei ya unga."

"Na haya mambo yenu?"

"Yamekwisha zamani. Limebaki swali moja, la kukubali au kukataa, na desturi inakataza tukujibie." Mugisho akajiweka sawa kitini. "Nabintu, huyu mtu unamjua?"

Alimtazama Reginaldi, tai imelegea, jasho kwenye paji la uso, njaa imemkamata.

"Namjua," akasema. "Na mumupe chakula haraka, vidonge vyake vya jioni havimezwi na tumbo tupu."