Magunzi Yaliyofika kwa Shangazi Ida

Mwaka 1974, Anselmi aliongoza wapuliza dawa katika shamba la pamba la ujamaa, kijiji kimoja cha Masanze. Alikuwa mchapakazi, na sifa alizipenda. Kila adhuhuri yeye na wenzake waliosha mabomba ya dawa kijitoni. Povu jeupe lilielea, likakata kona, likapotea. Maji ya kunywa walichota juu ya hapo, kwa hiyo walijiona salama.

Msimu ule kijito kilinyamaza. Vyura hawakulia tena. Samaki walielea matumbo juu. Mbwa mmoja alikunywa maji chini ya pale pa kuoshea, akazunguka mara tatu, akaanguka.

"Hapa pana kitu kinatutazama," alisema Costancia, mke wa Anselmi. Hakuna aliyemcheka.

Binti yao, Elizabeti, alikuwa darasa la tano. Siku moja Mwalimu Yunis aliwaambia wanafunzi walete magunzi ya mahindi, kila mmoja achore alama yake kwa mkaa.

"Leo tutauliza maji yanakwenda wapi," alisema.

Waliyatupa magunzi pale pa kuoshea mabomba, kisha wakayafuata ukingoni. Walitembea saa nzima. Hawakusikia ndege hata mmoja. Mwanzoni watoto walicheka, baadaye wakashikana mikono.

Magunzi yalikwama kwenye mawe ya kijiji cha bondeni, mahali pa kuchotea maji. Hapakuwa na mtu. Nyumba ya karibu ilikuwa ya Ida, dada yake Anselmi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, na mbele yake watu walikuwa wamemwaga majivu.

"Hodi! Shikamoo, shangazi," aliita Elizabeti.

"Marahaba. Usifungue, mwanangu," sauti ilijibu kutoka ndani. "Kuku wamekufa. Watoto wanatapika. Wanasema nimeyaroga maji, kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa karibu nayo; ndiyo maana ya majivu hayo. Kesho wananifukuza."

Elizabeti aliokota gunzi lake. Lilinuka dawa ya pamba. Harufu hiyo aliijua, ilikuwa ya shati la baba yake. Alilia njia nzima.

Jioni hiyo Mwalimu Yunis alifika kwa Anselmi, akamweleza magunzi yalikofika na yaliyompata Ida.

"Mwalimu, mimi najenga taifa," Anselmi alisema kwa hasira. "Dawa yenyewe ni ya serikali!"

"Dawa inaua wadudu, na haichagui. Chini yako yupo dada yako. Chini yake upo mto Mkondoa, halafu Wami, halafu bahari. Huko wapo watu wasiojua hata jina lako, na maji yako yanawafikia."

"Sasa nifanye nini? Nisioshe bomba?"

"Osha shambani, mbali na kijito na visima. Maji ya kuoshea yanyunyize juu ya pamba. Kopo tupu la dawa litoboe, ulizike. Lisichotewe maji kamwe."

Elizabeti akauliza polepole, "Mwalimu, na walio juu yetu, wanatutilia nini?"

Costancia aliutazama mtungi wa maji, akaufunika. Anselmi hakumaliza ugali wake.

Asubuhi alilibeba bomba mgongoni hadi bondeni. Mkeka na chungu cha Ida vilikuwa vimeshatolewa nje, na wanaume wamesimama mlangoni. Anselmi alilitua bomba katikati yao.

"Mwacheni dada yangu. Kilichoua kuku wenu kimetoka humu. Nimeosha mimi, kila siku. Msiyanywe maji haya. Wapelekeni watoto zahanati sasa hivi."

Wanaume walitazamana. Mmoja aliinama, akaurudisha mkeka ndani.

Wiki ile ile wapuliza dawa walihamia katikati ya shamba. Wanafunzi wa vijiji vyote viwili walishirikiana kulinda ukingo, na wengine wakapanda kwenda kuwauliza watu wa milimani wanatia nini kijitoni. Watoto waliougua walipona. Mvua za masika ziliposafisha kijito, samaki wadogo walionekana.

Siku hiyo Ida alikuja kumsalimu kaka yake. Alikuwa amekonda.

"Nisamehe, dada," alisema Anselmi. "Walikutesa kwa kosa langu."

"Majivu yao niliyafagia," alijibu Ida. "Kilichonitisha ni kingine. Siku tisa nilifungiwa ndani, kaka. Siku ya nane nilianza kuamini kwamba ni mimi."