Fito za Mfupa

"Usiniguse, nesi. Nenda kaguse wagonjwa wako wa hospitali," alisema Yasinta.

"Leo hunifukuzi," alijibu Salwa. "Kichwa changu ni kigumu kuliko huo mguu wako."

Yasinta aliuza ulezi sokoni Majengo na aliishi peke yake. Rundo la magunia lilimwangukia, mfupa wa mguu ukavunjika na kipande kikapotea. Daktari alitaka kuchukua mfupa kidogo nyongani azibe pengo. Yasinta alikataa, akarudi nyumbani. Sasa Salwa, jirani yake muuguzi, alikuwa amefungua bendeji. Yasinta alikuwa amekijaza kidonda moyo wa bua la mtama, nacho kilinuka.

Yasinta alisema amesikia kwenye hizi redio mpya kuwa Wazungu wanaotesha mfupa kwenye mimea. Kwa nini yeye akatwe nyonga?

Salwa alivuta kigoda. Alisema redio haikudanganya, ila haikumaliza. Ndani ya uboho mna chembe hai zinazoweza kugeuka mfupa. Wataalamu huziita seli shina. Zinahitaji mahali pa kushika, ndiyo maana wanajaribu kuzipandikiza kwenye mimea iliyosafishwa mpaka hakuna kijidudu. Kazi hiyo bado iko maabara.

"Wewe umekulia kwenye nyumba ya tembe. Ukuta unaanzaje?"

"Kwa fito. Kisha udongo."

"Mchwa wakila fito?"

"Udongo ukishashikana, ukuta unabaki."

"Basi mmea ni fito tu, zile chembe hai ndizo udongo. Mfupa wa nyonga yako ni fito zenye udongo wake tayari. Bua hili linaoza ndani yako. Usaha ukiingia mfupani, watakata mguu."

Yasinta alitazama rafu yake. Palikuwa na sahani moja na kikombe kimoja.

"Nyonga siiogopi," alisema polepole. "Kule wodini kila mtu aliletewa uji na ndugu zake. Mimi niligeukia ukutani, nikajifanya nimelala. Sirudi kule."

Salwa hakumpa pole. Hakuchokonoa kidonda. Alikifunika kwa kitambaa safi, akatoka. Alimwita Matonya, msukuma mkokoteni, alete mkokoteni na godoro. Kisha akaenda jikoni kwake, akamimina uji wote kwenye chupa ya chai. Watoto wake walipouliza watakunywa nini, aliwaambia kuna kiporo.

Salwa alirudi, akampa Yasinta chupa ya uji. Yasinta aliipokea, akakubali kulazwa kwenye godoro. Salwa alifunga mlango, akatia ufunguo kwenye pindo la khanga yake. Alisema madaktari watasafisha kidonda kwanza, ndipo wapange habari ya nyonga.

"Na kesho?" aliuliza Yasinta.

"Kesho nitaleta uji wa ulezi. Ulezi wako mwenyewe, usidhani ni bure."

Matonya alianza kusukuma. Yasinta aliipakata ile chupa njia nzima kwa mikono miwili. Ilikuwa bado ya moto.