Jezi ya Kijivu

Mabibi na mabwana, walimu wa zamu, na ninyi mnaosoma mmejificha nyuma ya daftari la hesabu: natangaza rasmi hadithi kuu ya mapenzi, yenye ngurumo, machozi na pete. Kaeni wima. Wapenzi wetu walikutana mahali pale ambapo majaliwa huwakutanisha wakuu wa dunia.

Yaani kwenye foleni ya kuingia ukumbi wa mpira wa kikapu, kando ya choo cha wanaume, ambacho siku hiyo kilikuwa kimeziba.

Kijana aliitwa Radi. Alikuwa fundi wa mabomba ya maji kwenye maghorofa, ila jina hilo hakulipata kwa mabomba. Alilipata kwa ngoma. Ndiye aliyepiga ngoma kubwa ya mashabiki wa Nyundo, timu nyekundu ya mtaa wao. Ngoma ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyeanzisha tawi la mashabiki. Sasa mwenyekiti wa tawi alikuwa kaka yake mkubwa, na Radi alikuwa mikono ya tawi. Siku hiyo aliibeba ngoma mgongoni, jezi imemganda kwa jasho, na foleni haisogei, kwa sababu mbele yake kulikuwa na msichana anayebishana na mlinzi.

"Dada, nyekundu mlango huu, buluu mlango ule. Wewe una rangi gani?"

"Kijivu."

"Kijivu hakina mlango."

"Basi nifungulie dirisha."

Radi alicheka mpaka ngoma ikagonga ukuta. "Mwache apite, afande. Yuko na mimi."

"Tangu lini?" msichana aliuliza bila kugeuka.

"Tangu choo kizibe."

Hapo akageuka. Alikuwa na vipuli vidogo vya fedha, suruali ya jinzi iliyopauka magotini, na jezi ya kijivu aliyoibana mwenyewe kiunoni kwa mshono usioonekana. Haikuwa na nembo ya timu yoyote. Mgongoni iliandikwa KONA, na chini yake namba kumi na moja.

Kona alikuwa mchezaji wa Nyundo, mtu mzima kidogo, aliyependa kutupia mpira kutoka pembeni kabisa mwa uwanja.

"Kumbe ni mwenzetu," Radi alisema walipokaa.

"Mimi ni wa Kona."

"Kona ni wa Nyundo. Kwa hiyo wewe ni wa Nyundo."

"Leo ni wa Nyundo," akajibu, akimwangalia kama mtu anayepima kitambaa. "Kesho nani anajua?"

Katikati ya mchezo, mchezaji mmoja wa timu ngeni alianguka. Radi akanyanyua fimbo, akapiga pigo moja. "Moja!" ukumbi ukaitika. Pigo jingine. "Mbili!" Hiyo ilikuwa mila ya tawi, iliyobuniwa na baba yake: mgeni akilala chini, anahesabiwa mpaka kumi kama bondia aliyepigwa, ili aone aibu ya kujiangusha. Mgeni aliinuka kwenye sita, na watu wakashangilia.

Msichana hakuhesabu. "Na siku mtu akiumia kweli?"

"Hawaumii, mrembo. Wanajiangusha."

Msichana akarudisha macho uwanjani. Ila baada ya mchezo alimpa namba yake ya simu, maana moyo una wazimu wake.

Kazi ya msichana ilikuwa katika duka la jezi la shangazi yake. Radi alimwita Fundi, naye akamwita Radi fundi wa choo. Dukani kulikuwa na cherehani mbili na mashine ya kubandika herufi kwa joto, iliyofungwa na kufunguliwa kama mdomo wa mamba. Radi alidhani kazi ni kubandika. Akakuta nusu ya kazi ni kubandua. Mchezaji akihama, wateja huleta jezi zao jina liondolewe. Fundi huipasha herufi moto, huingiza wembe chini yake, huivuta taratibu.

"Huyu mwaka jana mlimlilia," alimwambia siku moja, akitupa herufi kwenye ndoo. "Leo nambandua tangu asubuhi. Kitambaa ni kilekile, hakina habari. Mimi siwezi kupenda kitu kisichojua nani ametoka ndani yake."

"Na Kona anakujua wewe?"

"Hanijui. Lakini anaumia akikosa. Jezi haiumii." Akaweka wembe chini. "Mama alipokuwa wodini kulikuwa na televisheni ukutani. Kona alikosa, akakosa tena, akakosa tena, watu wanamzomea. Akaomba mpira. Mama akasema, 'Huyu mtoto hana haya kabisa,' akacheka. Sikumsikia akicheka tena. Tangu hapo, Kona akihama, nami nahama. Hii ni timu yake ya tatu."

"Mimi nimezaliwa ndani ya timu," Radi alisema. "Baba amezikwa na jezi."

"Basi sote tunafuata mtu, mpenzi. Wewe wako ameshafariki tu."

 Radi alimbusu, jambo ambalo kwa kawaida huziba upungufu wa majibu.

Zikaja simu. "Umekula?" "Unaniuliza mimi au unaiuliza ngoma?" "Ngoma haili." "Hata wewe ukiwa nayo huli." Akinamama wa ghorofani walizoea kumwona Radi amelala chini ya sinki, simu begani, akitabasamu kwa bomba.

Kisha Nyundo wakamwacha Kona. Walisema amezeeka. Mawimbi, wale wa buluu, wakamchukua.

"Mchumba wako atakaa wapi tukicheza nao?" kaka yake aliuliza mbele ya tawi zima.

"Atakaa anapotaka, kaka."

"Na wewe utapiga ngoma ya nani?"

Watu wakacheka. Radi akacheka pia, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

Jioni moja akapita dukani bila kupiga simu. Kupitia kioo alimwona Kona mwenyewe amekaa kwenye kiti cha wateja, na Fundi amepiga magoti mbele yake, mikono yote miwili imezunguka mguu wake. Kona alisema kitu. Fundi akatikisa kichwa, macho yamejaa machozi. Radi aligeuka akaondoka. Simu aliipiga akiwa barabarani.

"Nani alikuwa dukani?"

"Mteja."

"Mteja ana jina?"

"Radi, mpenzi wangu, nimeahidi kutosema. Niamini kwa hili moja tu."

"Ulisema hakujui."

"Alikuwa hanijui. Sasa ananijua kama fundi wake. Basi."

"Fundi wa nini?"

 Radi akakata simu. Angengoja kidogo tu, ningekuwa na hadithi nyingine, fupi na yenye keki.

Siku ya Nyundo na Mawimbi ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Fundi aliingia mlango wa buluu na jezi yake ya kijivu. Radi alimwona, naye alimwona Radi, na hakuna aliyepunga mkono. Kaka mtu alisimama nyuma ya ngoma kama mwalimu wa zamu.

Robo ya mwisho, Kona alipokea mpira kule pembeni kwake. Aliruka, akatupa, akashuka, na mguu ukakataa. Alianguka kifudifudi, hakuna aliyemgusa.

Mpira uliingia. Hakuna aliyeutazama.

Radi alikumbuka magoti yale mbele ya kiti, na fimbo ikapanda yenyewe. Moja! Ukumbi ulilipuka. Mbili! Kona alikuwa ameshika goti, mdomo wazi, na sauti yake haikusikika kwa sababu ya ngoma. Kwenye tano, madaktari walikuwa wanakimbia. Kwenye saba, wachezaji wa Nyundo wenyewe walipunga mikono watu wanyamaze. Radi alipiga nane. Alipiga tisa. Alipofika kumi, alikuwa anahesabu peke yake.

Kona alitolewa kwa machela. Ng'ambo ya uwanja, Fundi alikuwa amesimama. Hakuwa anaitazama machela. Alikuwa anamtazama mpiga ngoma.

Simu ya Fundi haikupokelewa wiki nzima. Radi alipokwenda dukani alimkuta shangazi mtu, mwanamke mnene mwenye miwani kwenye kamba.

"Goti lile lilikuwa limekwisha zamani, mwanangu. Kona alikuja ashonewe soksi ya goti ya kubana, avumilie mpaka mwisho wa msimu. Timu ingejua, ingemtoa. Mtoto wetu alimwomba aache kucheza. Alilia. Akamshonea."

"Na sasa?"

"Sasa hatacheza tena."

Radi alirudi nyumbani, akachukua kisu chake cha kukatia mipira ya maji, akaipasua ngozi ya ngoma ya baba yake kutoka ukingo hadi ukingo. Kaka yake hakusema naye tena.

Lakini mapenzi hayashindwi, wapendwa wasomaji! Msimu uliofuata, mbele ya mlango uleule, Radi alipiga ngoma yake kwa furaha, Fundi akatokea na gauni jeupe, akavishwa pete, mlinzi akapiga vigelegele, na choo, kwa heshima ya siku, kilikuwa kimezibuliwa.

Naam. Wewe wa nyuma, umenyoosha mkono. Ngoma ipi?

Haya, nimekamatwa. Nimeshasema ilipasuliwa. Pete niliahidi mwanzoni, na sikuwa nayo hata wakati ule naahidi.

Ilikuwa hivi. Radi alikwenda dukani na jezi yake nyekundu, akaomba ibandikwe jina la Kona. Fundi aliitandaza, akapanga herufi kwa rula, akafunga mashine, akangoja, akafungua. Alifanya kazi safi, kama kwa mteja yeyote.

"Nisamehe," Radi alisema.

"Nilishakusamehe."

"Basi turudiane."

Alitikisa kichwa. "Nikilaza kichwa kifuani kwako, Radi, nitasikia moyo unadunda kama ngoma ile. Nami nitaanza kuhesabu."

Akamsukumia jezi mezani. "Usiikunje. Bado ya moto, herufi zitagandana."

Radi aliikunja palepale, akaibana kifuani, akatoka nayo.